Beringi Iliyolishwa Samli

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya, ingawa wengi walionikasirisha siku ile wameshatangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe siko mbali nao. Kaa chini nikueleze. Hiyo spana iweke pembeni kwanza, maana umeshaharibu vya kutosha kwa leo.

Nimeiona baiskeli yako. Umeifungua friwili ukaishindilia grisi mpaka inamwagika kwenye spoku, na sasa unapiga pedeli pale uani kwangu, miguu inazunguka, gurudumu limesimama, nawe unaitukana baiskeli. Baiskeli ina kosa gani? Nimekuuliza kwa nini umetia grisi yote ile, umenijibu eti ulitaka kuitunza. Kuitunza! Neno hilohilo nililisikia Handeni, enzi za Mjerumani, kabla ya vita vyao vile, na nusura linifanye mjane kabla hina ya harusi haijanitoka mikononi.

Mimi ni mtoto wa Kilole hapa Korogwe, unajua hilo. Nilikulia karibu na mto, na maji kwangu yalikuwa kitu cha kuchezea. Nikaolewa Handeni na babu yako Mbwana, na huko nikakuta maji ni jambo la kupangiwa safari. Kiangazi kikikaza, wanawake tulitoka alfajiri na vibuyu, tukarudi jua limepanda, na tulichokuja nacho ni tope lililochujwa kwa kaniki. Nililia wiki ya kwanza. Mama mkwe akaniambia nikilia nitapata kiu zaidi, kwa hiyo ninyamaze. Alikuwa na maneno makali yule mama, lakini alisema kweli.

Kisima kilikuwepo kimoja kando ya njia ya wapagazi, kirefu, kimechimbwa na watu wa mzungu mmoja mwenye shamba la mpira. Maji yake yalikuwa yameshuka. Mwaka ule wazee wakakubaliana na yule mzungu: yeye atatoa mtambo wa kuvutia ndoo, sisi tutatoa vijana wa kukichimba kiende chini zaidi, na maji yatakuwa ya wote. Mtambo ukaja kwa reli mpaka Korogwe, kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka Handeni. Aliyekuja kuufunga alikuwa mjomba wangu, fundi Kihiyo, ndugu wa mama yangu, aliyejifunza kazi ya vyuma kwenye karakana ya reli. Mtu mweupe wa moyo, mwenye hasira za karibu. Akikuona umeshika nyundo vibaya anakunyang'anya kabla ya kukuamkia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipo, na hapa ndipo wewe na wenzako mnapenda kusinzia.

Ule mtambo ulikuwa gogo la kuzungushia kamba ya waya, limepitiwa na ekseli, na kila upande wa ekseli kuna mpini wa kuzungushia. Kila mwisho wa ekseli, pale ilipokaa kwenye nguzo, palikuwa na beringi, kikombe cha chuma chenye kifuniko. Siku ya kuufunga, mjomba alikifungua kimoja akatuita wote, wanaume kwa wanawake, akasema, "Tazameni, mtajiuliza baadaye."

Ndani ya kikombe, ekseli ilikuwa imevikwa chuma kilichochongwa mitelemko midogo kuzunguka pande zote. Kwenye kila mtelemko imelazwa rola, chuma cha duara kama kipande cha kidole gumba. Kati ya mtelemko na ukuta wa kikombe kuna nafasi, na nafasi hiyo ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Nyuma ya kila rola kuna springi dhaifu, inaisukuma taratibu kuelekea kwenye wembamba. Ukizungusha ekseli mbele, rola zinajisogeza kwenye upana, zinabingirika raha mustarehe, kitu kinakwenda. Ekseli ikitaka kurudi nyuma, rola zote zinakimbilia kwenye wembamba na kubanwa pale, kama kabari unayoigongea chini ya mlango. Mzigo ukizidi kuvuta, nazo zinazidi kubana. Hakuna jino, hakuna ndoana, hakuna hata sauti. Ni njia moja tu. Kwenda ruhusa, kurudi marufuku. Wakati wa kuteremsha ndoo kulikuwa na wenzo wa kulitenganisha gogo na ekseli, kamba ikashuka ikishikwa na breki ya mbao.

Ndiyo hiyohiyo, mwanangu, iliyo kwenye baiskeli yako. Yako pengine ina vijino vidogo badala ya rola, lakini akili ni ile ile: ukikanyaga mbele inashika, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea na safari bila kukuburuza miguu. Marehemu baba yako, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha katani, alinieleza kuwa ule mkanda wa kupandisha majani juu unacho kitu hicho pia, ili umeme ukikatika mzigo usirudi chini na kumfukia mtu. Hata malori haya yana kitu cha namna hiyo kwenye stata, injini ikishawaka isije ikaiburuza stata mpaka iungue. Kitu kimefika kila mahali, na kila mahali nasikia kuna mtu anayetaka kukitunza bila kuuliza.

Mjomba alituambia maneno machache kuhusu chakula cha kile chuma. "Tone la mafuta mepesi," alisema, "tena mkumbuke ni tone. Rola lazima iwe huru kukimbilia mahali pake. Ukiigandisha, haitakimbia, na isipokimbia haitashika." Akafunga kifuniko. Watu wakaitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi, kama wanavyoitikia khutuba ya Ijumaa huku mawazo yako kwenye pilau.

Lakini tulifurahi, nisiseme uongo. Ulikuwa ukizungusha, ukichoka unaachia mpini, unajifunga kaniki yako vizuri, unamalizia kumsengenya jirani, unarudi, unakuta ndoo imening'inia palepale ulipoiacha. Wanawake wa Handeni waliokuwa wakikatwa viganja na kamba tangu utoto walicheka mpaka machozi. Ikawa mazoea. Watu wakazoea kuachia mpini kama vile ni haki yao waliyozaliwa nayo.

Sasa nikueleze kuhusu baba mkwe, Mzee Senkondo. Alikuwa mtu mzuri kuliko wote katika nyumba ile, na ndiyo maana nachukia kusimulia. Kwao kitu kipya hakianzi kazi hivihivi. Jembe jipya hunyunyiziwa unga, mtoto mchanga hupakwa mafuta, nyumba mpya husomewa dua kisha kona zake zikarushiwa unga wa mtama na maji, ili wa kale nao wasijione wametengwa. Mtambo ulikuwa umeanza kazi bila lolote kati ya hayo, na lilimkaa moyoni. Mbwana ndiye aliyeteuliwa kushuka kisimani kuchimba. Mwanawe wa pekee aliyebaki hai. Wengine wote ndui iliwachukua. Unadhani mzee yule alikuwa analala?

Basi asubuhi moja kabla watu hawajafika, alikwenda kisimani na kibuyu cha samli aliyoinunua kwa Wamasai na unga wa mtama. Nia yake ilikuwa njema, sina shaka nayo hata leo. Akaona kunyunyiza juu ya chuma hakutoshi, kwa sababu fundi alishasema kazi yote iko ndani. Kwa hiyo akafungua kwa spana, akaingiza ndani, akafunga. Vijana wawili waliopangiwa kuzungusha mipini walimkuta analifuta gogo kwa kitambaa. Wakamwamkia shikamoo, akawaitikia, wakanyamaza. Nani amwulize mzee anafanya nini? Huko kwetu kuna adabu ya kuficha jambo la mzee hata kama jambo lenyewe linakuja kukuua.

Siku hiyohiyo jua lilikuwa kali. Wanawake tumejipanga na vibuyu, maana palikuwa na tetesi kwamba udongo umeanza kutoka mbichi. Mjomba Kihiyo alikuwepo pia. Alikuwa amekuja kutoka Korogwe kuangalia mtambo wake, na alikuwa amekaa kivulini akinywa uji nilioupika mwenyewe. Mara tukasikia sauti ya Mbwana kutoka chini, imefifia, "Maji! Maji yametoka!"

Vigelegele, mwanangu! Mama mkwe wangu, yule mkali, alicheza. Mbwana akajiketisha ndani ya ndoo ile kubwa ya kupandishia udongo, akatikisa waya, vijana wakaanza kuzungusha. Alipofika kama katikati ya kisima watu walikuwa wanaimba, na wale vijana nao, kwa mazoea yao ya kila siku, wakaachia mipini wapige makofi.

Mtambo haukushika.

Mpini ulirudi nyuma kwa nguvu nisiyoweza kukueleza. Ulimvunja kijana mmoja mkono, na mpini wenyewe ukakatika palepale ulipoingia kwenye ekseli. Gogo likazunguka lenyewe, waya ukamwagika, kisha tukasikia kishindo chini, na baada ya kishindo tukasikia mume wangu analia. Sijawahi kusahau sauti ile. Alikuwa mzima, lakini mguu umevunjika, na yuko chini ya kisima ambacho watu wote tulikuwa tumeomba kijae maji. Na kilikuwa kinajaa.

Mjomba alikuwa ameshafika kwenye mtambo kabla sijajua nimesimama. Watu wakaanza kupiga kelele za ushauri, na kelele za ushauri ndizo zinazonichosha zaidi katika dunia hii. Mmoja anasema tuvute waya kwa mikono, na waya ule ungekata viganja vya wote kabla Mbwana hajafika nusu. Mwingine anasema tuzungushe hivyohivyo kwa mpini mmoja uliobaki, wakati mahali pa kushika panawatosha watu wawili tu na mzigo ule hauvutwi bila kupumzika. Wapumzikie wapi ikiwa chuma hakishiki? Na mmoja wa wazee, huwezi kuamini, anasema mizimu haikutosheka, iletwe samli nyingine!

"Samli nyingine?" Mjomba aligeuka. "Nyingine baada ya ipi?"

Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu.

Mjomba akachukua spana yake, akafungua kifuniko cha kikombe cha kulia. Ndani kulikuwa na donge. Samli na unga na vumbi la Handeni, vimekorogeka vikawa ugali, na zile rola zimelala ndani yake kama maharage kwenye makande. Springi zile dhaifu zingezisukumaje? Hazikuwa na njia ya kukimbilia mahali pake, na hata ambazo zingefika zingeteleza. Zilikuwa zimeshika ndoo za udongo tangu asubuhi, lakini uzito wa mtu ulizishinda.

"Mmekilisha ugali," alisema mjomba, kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Chuma hakina tumbo. Leteni mafuta ya taa."

Mafuta ya taa yalikuwa kidogo, mabaki ya kwenye kandili ya mzungu. Mjomba aliziosha rola za kulia moja moja, akazifuta, akazirudisha. Kutoka chini Mbwana alipaza sauti kwamba maji yamefika magotini, naye amekaa, hawezi kusimama. Magotini kwa mtu aliyekaa, mwanangu. Nilihesabu kichwani mwangu kilichobaki juu ya magoti, nikaona si kingi.

Mjomba akasimama mbele ya kikombe cha pili, cha kushoto. Kwa nje kilikuwa safi, kimefutwa vizuri. Akakitikisa kwa mkono, kikashika. Kwa mkono mtupu hata mgonjwa anashika. Bolti za kifuniko zilikuwa zimekaza, kuzifungua kungechukua muda, na muda ndio tuliokuwa hatuna.

"Kimoja hakiwezi kumbeba mtu na maji na chuma," alisema. "Viwili vinagawana. Kama hiki cha pili ni kizima tunavuta sasa hivi. Kama nacho kimepakwa, tukivuta kitaachia, cha kwanza kitavunjika, na mtu ataanguka mara ya pili. Nauliza mara moja. Hiki nacho kimepakwa?"

Wale vijana wawili walijua. Walikuwa wamemwona mzee na kibuyu chake, walijua alikuwa upande gani. Mmoja anashika mkono wake uliovunjika, mwingine anatazama mbinguni. Yule mzee wa mizimu akasema haraka, ili aibu iishe, "Vuta tu, fundi. Hicho hakikuguswa." Hakuwa anajua lolote kuhusu upande ule! Alitaka tu rafiki yake asiumbuliwe mbele ya wanawake.

Mzee Senkondo alikuwa amekaa chini mbali kidogo, ametupa mgongo.

Sasa ujue mwanangu, mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni siku zile. Nikikutana naye njiani najitupa kando na kujifunika. Nikitaka kumwambia chakula tayari, namwambia mbuzi aliye karibu, "Wewe mbuzi, chakula tayari," naye anasikia, anakohoa, anakwenda kula. Tangu niolewe sikuwahi kuiona vizuri rangi ya macho yake. Na watu wa pale walikuwa tayari mume wangu azame kuliko adabu hiyo ivunjwe. Hilo ndilo lililonipandisha hasira mpaka nikaona giza.

Nikaenda. Nikavua ushungi wa kaniki kichwani, nikazunguka mbele yake, nikapiga magoti nikamtazama machoni. Nyuma yangu nilisikia wanawake wanaguna.

"Shikamoo baba," nikasema.

Akainamisha macho kwenye mchanga.

"Baba, hakuna mbuzi hapa. Nakuuliza wewe. Na upande wa pili?"

Nilidhani atanilaani. Akasema taratibu, lakini watu wote walimsikia, "Upande wa kulia niliweka kwa ajili ya wazee wetu. Wa kushoto niliweka kwa ajili yake yeye aliye chini." Akanyosha kidole kwenye kikombe cha kushoto. "Wa kushoto nilijaza zaidi."

Mjomba alikipiga kile kifuniko kwa nyundo, bolti moja ikakatika, nyingine zikafunguka. Kweli kulikuwa kumejaa. Mzee alikuwa ameshindilia kwa kidole mpaka pembeni kabisa, kwa upendo wote aliokuwa nao. Na mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha.

"Nataka kitambaa kikavu," mjomba alisema, "kisafi, kisichokuwa na mafuta hata kidogo." Watu tukajitazama. Nguo zetu zote zilikuwa za kazi, jasho na samli na moshi. Mzee Senkondo akainuka. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, aliyoivaa kwa heshima ya maji. Akaivua palepale mbele ya watu, akabaki na shuka kiunoni, akaipasua vipande, akachuchumaa karibu na fundi na kuanza kufuta zile rola mwenyewe. Moja moja. Anaifuta, anaitazama kwenye jua, anaifuta tena, anaiweka kwenye kiganja cha mjomba. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kutoka chini Mbwana alikuwa ameacha kusema. Nililala kifudifudi ukingoni nikamwita jina lake, jina ambalo mke naye hakulitaja hovyo siku zile. Nikamwambia aseme kitu, chochote, anitukane akitaka. Nikasikia, "Maji ni matamu." Mpumbavu yule. Nilimpenda sana.

Kifuniko kilifungwa kwa bolti zilizobaki. Mjomba alizungusha mbele kidogo, kisha akaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote kuurudisha nyuma. Haukurudi. Akawaita wazungushaji, aliyepona na kijana mwingine, akawaambia, "Chuma kitashika. Na ninyi mtashika vilevile. Atakayeachia mpini kabla mtu hajakanyaga ukingo, nitamtupa mimi mwenyewe humo ndani."

Mbwana akajivuta kwa mikono mpaka ndani ya ndoo, wakazungusha. Wakipumzika, wanapumzika mikono ikiwa juu ya mpini, na mtambo umetulia. Hakuna aliyeimba. Ilichukua muda mrefu kuliko maisha yangu yote kabla yake, ndivyo nilivyoona. Kisha kikatokea kichwa cha babu yako, kimejaa tope, macho mekundu, anatetemeka kwa baridi katika jua la Handeni. Alinitazama nikiwa kichwa wazi, akamtazama baba yake hana kanzu, akamtazama fundi mwenye mikono ya samli.

"Mbona kunanukia samli?" akasema. "Mlikuwa mnapika nini huku juu?"

Watu wakacheka, wakalia, wakapiga vigelegele, wakambeba. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimekasirika, na mjomba pia. Baada ya Mbwana kufungwa mguu kwa vijiti, mjomba alisimama mbele ya watu, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Sina ugomvi na Mzee Senkondo. Alipaka kwa sababu anampenda mtoto wake, na alipoulizwa na mtu wa kumwuliza, alisema. Ugomvi wangu ni nanyi mliomwona. Mngemwambia, 'Mzee, samahani, fundi alisema tone,' angekasirika siku mbili, basi. Lakini ninyi mlimheshimu mpaka mkataka kumzikia mwanawe."

Mkono wa yule kijana ulipona, mguu wa babu yako ukapona vibaya. Alichechemea maisha yake yote, wewe mwenyewe ulimwona. Baba mkwe aliniita siku chache baadaye. Nikajifunika, nikakaa pembeni, nikatafuta mbuzi wa kusema naye. Akasema, "Acha mbuzi, mwanangu. Mimi na wewe tumeshatazamana." Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake tuliongea uso kwa uso, na watu walisema mengi, na wala hatukujali. Na kila kitu kipya kilichoingia nyumbani mwake, iwe taa au cherehani, aliniita kwanza akauliza, "Hiki nacho kinakula nini?" Kama sijui, alituma mtu Korogwe akaulize kwa mjomba. Kisha ndipo alipokisomea dua, na dua yake aliisomea nje.

Sasa wewe, mwanangu, na wote mnaonisikia na kujifanya hamnisikii. Sikukatazi kupenda vitu vyako. Sikukatazi hata kuviombea, maana Mungu ni wa vyuma pia. Ninachosema ni kwamba kabla hujakipa kitu mapenzi yako, uliza kinafanyaje kazi. Kinachosimama kwa kubana usikilainishe. Cha kulainishwa usikikaze. Usipojua, nenda kwa anayejua, hata kama atakunyang'anya nyundo. Na hata kitu kinachojishika chenyewe, weka mkono wako juu ya mpini mpaka mtu afike juu. Uliona wapi chuma kikamlilia aliyeanguka?

La pili ni zito zaidi, na hili ndilo ninalotaka ulibebe. Ukimwona mkubwa wako anakosea, mwambie. Mwamkie kwanza, inama, tafuta maneno mazuri, chukua muda wote unaoutaka kutafuta adabu, lakini mwambie. Adabu inayomwacha mtu azame si adabu. Na siku ukosee wewe, maana utakosea, umeshaanza, usingoje mwanamke avue ushungi mbele za watu ndipo useme. Inuka mwenyewe useme upande wa kulia na upande wa kushoto. Hasa ule uliojaza zaidi.

Nenda sasa. Kazi yako unaijua. Mungu akupe mikono isiyozidisha, na ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi." Akujalie watu watakaokutazama machoni wakakwambia ukweli ungali na muda wa kuusikia. Na kila utakayemshusha mahali, mwanangu, Mungu akujalie umpandishe.